Maswali ya wasomaji: Kwa boti ndogo hadi fukwe za Paxos

Tuko marafiki sita. Mwezi wa saba tunakwenda kisiwa cha Paxos, Ugiriki, na tunataka kukodi boti tujiendeshe wenyewe hadi fukwe zisizo na watu. Hakuna mwenye leseni. Inaruhusiwa? Na tutajuaje ufuo upi tuuendee?

Inaruhusiwa. Ugiriki, boti ya kukodi yenye injini isiyozidi nguvu za farasi 30 haidai leseni. Kabla ya kulipa, ulizeni boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi. Ikiwa ni watano, msijibane, kodini mbili. Hesabuni jaketi za kuokoa maisha, kila mtu na yake. Kisha mwonyeshwe kamba ya kuzimia injini: ncha moja hukaa kwenye swichi, nyingine hufungwa mguuni au mkononi mwa anayeshika usukani. Akianguka majini, injini huzima papo hapo. Asipoivaa, boti huweza kuzunguka ikamrudia kwa pangaboi.

Ufuo huchaguliwa na upepo. Kiangazi, visiwa vya Ionian, Paxos kikiwamo, huvumiwa na upepo wa kaskazini-magharibi, ambao Wagiriki huuita maistro. Asubuhi bahari huwa shwari, adhuhuri upepo huamka, alasiri hukaza, na jua likitua hulala. Pwani ya mashariki ya Paxos, kutoka bandari ya Lakka kupita Loggos hadi Gaios, iko demani, yaani upande uliokingwa na upepo. Huko ndiko kwenye vighuba vya kokoto nyeupe mnavyovitafuta, na vingine vinatosha boti mbili tu. Pwani ya magharibi iko joshi, upande unaopigwa na upepo: ni majabali na mapango, pa kukimbilia hapapatikani kwa urahisi. Iendeeni asubuhi, bahari ikiwa imelala, wala msikae chini ya jabali. Mawe ya chokaa hubomoka. Septemba 2018, kipande cha jabali kiliporomoka katika ufuo wa Navagio, kisiwani Zakynthos, na mawimbi yake yakapindua boti zilizokuwa karibu.

Kisiwa cha Antipaxos, kusini, kina fukwe za Voutoumi na Vrika, zenye maji ya buluu mpauko yasiyosahaulika. Boti za watalii hujaa huko mchana, kwa hiyo fikeni kabla ya saa tatu asubuhi. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wakienda, upepo uko mgongoni na bahari inaonekana laini, wakirudi kaskazini saa kumi, wanakabiliana na mawimbi usoni, boti inapiga, mafuta yanakwisha upesi. Injini ya farasi 30 ikikimbizwa mwisho hunywa takriban lita 10 kwa saa. Gawanyeni tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Saa saba mchana muwe mmeshavuka kurudi Paxos.

Nanga yetu huburuzika kila tukiitia, hata pasipo na upepo mkali. Tunakosea wapi?

Yaelekea mmetoa kamba fupi. Nanga hushika inapovutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Chukueni kina cha maji, ongezeni urefu wa omo (sehemu ya mbele ya boti) kutoka majini, zidisheni mara tano. Kina cha mita 4 na omo ya mita 1 hudai mita 25 za mnyororo na kamba.

Tafuteni doa la rangi mpauko, huo ni mchanga. Doa jeusi ni mwamba au majani ya Posidonia, mmea wa baharini. Nanga huteleza juu ya majani hayo, na ikishika huyang'oa. Hukua polepole mno, takriban sentimita moja kwa mwaka, na ndimo wanamokulia samaki wachanga wa bahari hiyo. Tunawasihi msiyaguse.

Elekezeni omo kwenye upepo, simamisheni boti, mteremshe nanga taratibu hadi iguse chini. Ukiitupa, mnyororo huangukia juu yake na kuifunga. Acheni boti irudi nyuma yenyewe huku mkitoa kamba, mfunge kwenye omo, kamwe si tezi (nyuma ya boti), maana injini tayari imelemea huko na wimbi litaingia. Rudisheni nyuma polepole kwa injini. Kisha chagueni alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mti na mwamba kwa mfano. Zikiachana, nanga inatembea. Injini izimwe kabla ya yeyote kuruka majini.

Ikinasa kwenye jiwe, ipiteni polepole mvute kutoka upande wa pili. Msizungushe kamba mkononi.

Tunaweza kulala ufukweni na kuwasha moto?

Hapana. Kupiga kambi popote ni marufuku Ugiriki, na moto wa nje kiangazi hauruhusiwi, kwa sababu ya hatari ya kuchoma misitu. Bebeni chakula kilichopikwa, lita 3 za maji kwa kila mtu, na simu kwenye mfuko usiopenya maji. Walinzi wa pwani hupigiwa 108, dharura yoyote 112.