Mtoto wa miezi minne na matembezi ya Lamu: swala, akika na kijicho

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa hapa Malindi. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana miezi minne na hajaonja kitu ila maziwa yangu. Mume wangu amepata likizo, ataka tutoke Jumatatu kwa basi hadi Lamu na turudi Ijumaa, matembezi tu. Mavyaa hataki. Asema mtoto hajachinjiwa mbuzi wa akika, vipi pesa za kutembea zipatikane na za mbuzi zisipatikane? Tena asema mtoto akipelekwa mji wa watu bila hirizi atapatwa na kijicho. Mimi nami nina langu: nguo zangu mchana kutwa zina mkojo wa mtoto, nachelea swala zitanipotea njiani. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Nianze na lako, mwanangu, kwa sababu ndilo la faradhi. Ya mavyaa yatafuata.

Malindi hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 200, na masafa ya kufupisha swala katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu. Basi ruhusa mnayo, lakini haianzi nyumbani. Inaanza mkishayapita majumba ya mji.

Tatizo la safari hii ni basi lenyewe. Likitoka Malindi linaelekea kibla moja kwa moja mpaka Garsen (na kaskazini wazee wetu hawaiiti ila kibla), kisha linakata kulia kwenda miji ya Witu na Hindi, na kibla inahamia mkono wenu wa kushoto. Swala ya sunna msafiri huswali hata juu ya kipando, anakoelekea ndiko kibla yake. Faradhi haiko hivyo, yataka kusimama na kuelekea kibla. Kwa hivyo msihangaike kuswali kitini na mtoto mapajani. Adhuhuri ikiingia mko njiani, tia nia moyoni kabla wakati wake haujatoka, kwamba utaichelewesha uiswali pamoja na Alasiri. Nia hiyo usiisahau, maana kuchelewesha bila nia ni kuiacha swala ikawa kadha, yaani ya kulipwa baada ya wakati wake, na ni dhambi. Mkishuka Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, au mkishavuka, swalini rakaa mbili mbili. Na ikiwa gari limeharibika au ukaguzi wa vizuizini umechukua muda hata jua likakaribia kutua, muombeni dereva asimame. Asiposimama, swali hapo kitini kwa kuheshimu wakati, kisha uirudie ukishuka.

Mkiwa Lamu, siku ya kuingia na siku ya kutoka hazihesabiwi. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi, siku tatu. Anayekatikiwa na hukumu ya msafiri ni aliyenuia kukaa siku nne kamili, kwa hiyo nyinyi ni wasafiri mpaka mwisho. Magharibi na Alfajiri hazifupishwi. Mumeo akiswali msikitini nyuma ya imamu wa mji, atatimiza nne pamoja naye. Wewe usiizunguke mitaa ukitafuta msikiti wenye sehemu ya wanawake. Swali hapo mlipofikia.

Sasa mkojo. Bibi Ummu Qays bint Mihsan, Allah amridhie, alimpeleka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, mwanawe mdogo ambaye hajaanza kula chakula. Mtume akampakata, mtoto akamkojolea. Akaagiza maji akayanyunyiza juu ya nguo, wala hakuifua. Wamepokea Bukhari na Muslim. Mwanao ni huyo huyo: wa kiume, hajatimiza miaka miwili, hana lishe ila maziwa. Basi chukua kitambaa, fyonza ule umajimaji, kisha nyunyiza maji yaenee pale palipoingia mkojo. Si lazima yatiririke, wala huna haja ya kubadilisha buibui kila mara. Angekuwa wa kike ungeosha. Dawa aliyopewa mtoto haidhuru, na tende aliyotabarukiwa nayo alipozaliwa haidhuru, lakini siku atakayolishwa uji, ruhusa hii imekwisha. (Muulize mavyaa kwa upole kama hajamlisha kijiko cha uji ulipokuwa umelala. Nimeyaona hayo.) Kinyesi huoshwa kwa maji kwa vyovyote, na vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto vinaondoa uchafu lakini havitwahirishi mkono wala nguo. Beba chupa ya maji.

Akilia ukiwa katika swala, unaweza kumbeba. Mtume aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Sharti nepi iwe safi. Ikiwa imechafuka na wewe wajua, ukimbeba swala yako imebatilika. Mlaze kando yako, na ufupishe kisomo. Mtume naye alikuwa akisikia kilio cha mtoto hufupisha swala kwa kumhurumia mama yake.

Hapa niseme na mumeo. Siku chache nyuma nilivuka kutoka Mokowe katika boti moja na mume na mke, wana mtoto mchanga. Mke amemshika mtoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili washika mfuko wa nguo, leso imepeperuka na upepo na hana mkono wa kuirudisha. Mume yuko mbele, anapiga picha majumba ya Lamu. Aliposhuka alinyoosha mkono kupokea mfuko. Mfuko! Nahodha ndiye aliyempokea mtoto. Qur'ani katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, imetaja kunyonyesha, ikasema mama asitiwe madhara kwa ajili ya mwanawe. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na swala ikifika hutoka. Kama safari hii ni ya kumpumzisha mkeo, basi usiku mmoja mmoja mtoto akishanyonya mpokee wewe, umcheulishe, umtembeze barazani mpaka alale. Vinginevyo umemhamisha jikoni kwake Malindi ukampeleka kuchokea Lamu. Na boti iliyojaa kupita kiasi msipande, hata kama mwenyewe anaapa kuwa ni dakika chache tu. Vaeni majaketi ya kuokolea, mtoto awe kifuani.

Nije kwa mavyaa. Katika akika ana hoja, msimpuuze. Akika ni sunna iliyotiliwa mkazo, wakati wake bora ni siku ya saba, ila haujapita. Baba ana nafasi mpaka mtoto abaleghe. Kwa hiyo safari kabla ya akika si haramu wala mtoto hana deni linalomzuia kuvuka maji. Lakini mwenye pesa za siku tano za hoteli hawezi kusema hana mbuzi. Wa kiume ni wawili kwa ukamilifu, na mmoja watosha. Rai yangu ni mpunguze siku au mchukue chumba cha bei ya chini, mchinje mmoja kabla ya kuondoka, na mavyaa ndiye agawe nyama. Mumeo ndiye azungumze naye, si wewe. Ni mamake.

Kijicho ni kweli, Mtume amesema jicho ni haki. Ila dawa yake tumeshafundishwa. Alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa kusema: U'idhukuma bikalimatillahit-taammah, min kulli shaytanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah (nawakinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, na kila shetani na mdudu wa sumu, na kila jicho lenye kudhuru). Akasema baba yenu Ibrahim alikuwa akiwakinga Ismail na Is'haq kwa maneno hayo. Kwa mtoto mmoja wa kiume sema: u'idhuka. Hirizi iliyoandikwa yasiyojulikana haifai kwa maulamaa wote. Ya Qur'ani tupu wamehitilafiana, na mimi siipendelei. Na uzi shingoni mwa mtoto wa miezi minne siutaki hata kabla hatujafungua kitabu cha fikihi, maana unaweza kumnyonga usingizini. Jua likitua mrudisheni ndani kwa muda, kwani Mtume ameamrisha watoto wazuiliwe wakati giza linapoingia. Ufuo wa Shela utawangoja asubuhi.

Ijumaa mkirudi, mkishafika kwenye majumba ya mwanzo ya Malindi ruhusa imekatika. Kama Isha hamjaiswali, ni rakaa nne. Wallahu a'lam.