Moto Ukififia, Tazama Kuni

Mwanzoni mwa Novemba Beijing huwa na siku chache ambazo mgeni hawezi kuzisahau. Baridi imeshaingia, miti ya ginkgo imegeuka manjano, lakini mabomba ya kupasha nyumba joto hayajafunguliwa, kwa sababu jiji huyafungua tarehe 15. Mwaka wangu wa kwanza wa masomo kule, siku hizo nilizimaliza chini ya blanketi mbili, koti mwilini, nikitazama kwenye simu picha za harusi ya binamu yangu Tanga. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimepata ufadhili, nyumbani tukasoma dua, majirani wakajaa uani. Furaha ile sikujua imekwenda wapi. Nilijaribu kuirudisha kwa nguvu: nikanunua vitu mtandaoni, nikakesha na video za vichekesho, nikaitikia kila mwaliko wa sherehe ya wanafunzi. Nikirudi chumbani, ukimya ulikuwa mzito kuliko nilivyouacha.

Chini ya jengo letu palikuwa na duka la mboga. Mwenye duka tulimwita Ayi, neno ambalo Wachina humwitia mama mdogo na kila mwanamke wa rika la mama. Kila nikipita aliniuliza, "Chi le ma?" Umekula? Ni salamu tu kama "habari za kutwa", na jibu lake ni kwamba umekula, basi, unaendelea na safari. Jioni moja nilijibu ukweli kwamba sijala tangu asubuhi, na sauti ikanikatika. Ayi akaniketisha kwenye kigoda nyuma ya magunia ya viazi, akanimiminia bakuli la uji mzito wa punje ndogo za njano, jamii ya uwele, zilizochemshwa pamoja na kunazi nyekundu zilizokaushwa. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, unawaza sana. Mawazo yamekufunga fundo tumboni. Udongo wako umechoka."

Sikumwelewa. Nilimwelewa kidogo kidogo kwa miaka miwili iliyofuata, na leo nataka kuwashirikisha nilichokipata, kwa sababu kimenisaidia zaidi ya ushauri mwingi niliowahi kupewa kuhusu furaha.

Wachina wana falsafa ya kale wanayoiita wu xing. Wu ni tano, na xing asili yake ni kwenda. Kwa hiyo mti, moto, udongo, chuma na maji kwao ni mienendo mitano zaidi ya kuwa vitu vitano. Moja ya maandiko yao ya kale kabisa linaieleza hivi: maji huloweka na kushuka, moto huwaka na kupanda, mti hupinda na kunyooka, chuma hukubali kubadilishwa, udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno. Mienendo hii huzaana. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, ndani ya udongo hupatikana madini ya chuma, chuma hukusanya maji, maji hukuza mti. Tena hudhibitiana: mti huupasua udongo, udongo huyazuia maji, maji huuzima moto, moto hukiyeyusha chuma, chuma huukata mti.

Aliyelelewa pwani hataona jambo hili kuwa geni sana. Bibi yangu alizungumza habari za vyakula vya baridi na vya hari, na waganga wetu wa tiba ya asili walirithi kupitia Waarabu hesabu ya mambo manne: moto, hewa, maji na udongo. Wachina wana hesabu yao, na ndani yake wameingiza hisia za binadamu. Hapo ndipo mimi niliponasa.

Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba yao ya jadi, kinaipa kila hisia mwenendo wake na kiungo chake. Hasira ni ya mti, inakaa kwenye ini. Furaha ni ya moto, inakaa moyoni. Kuwaza ni kwa udongo na bandama, huzuni ni ya chuma na mapafu, hofu ni ya maji na figo. Sisi wenyewe husema "maneno yake yamenikata maini", kwa hiyo sikushangaa kuona ini likibeba hasira. Kilichonishangaza ni hesabu yenyewe. Furaha ni moja kati ya tano. Haikuwekwa juu ya nyingine.

Nililiona hilo kwa macho katika bustani ya Zhongshan, upande wa magharibi wa lango la Tiananmen. Ndani yake mna jukwaa la mraba ambapo wafalme walikuwa wakitoa sadaka kwa miungu ya ardhi na nafaka. Juu yake umetandazwa udongo wa rangi tano: kijani upande wa mashariki, mwekundu kusini, mweupe magharibi, mweusi kaskazini, na wa njano katikati. Nilisimama pale muda mrefu siku moja ya upepo. Wekundu, rangi ya moto na ya furaha, ulikuwa upande mmoja tu. Katikati palikuwa na udongo wa njano, rangi ya ule uji wa Ayi.

Ndiyo maana kitabu hicho kinaonya kwamba furaha nayo ikizidi hudhuru. Kinasema hasira hupandisha pumzi ya uhai, hofu huishusha, mawazo huifunga fundo, na furaha huilegeza. Kuna kisa cha karne ya 18 ambacho Wachina wengi wanakijua, cha Fan Jin, mtu aliyefeli mitihani ya serikali hadi uzeeni. Siku habari zilipofika kwamba amefaulu, alipiga makofi, akacheka, akatoka mbio akaanguka kwenye tope la bwawa, akili zimemruka. Aliyemrudisha ni mkwewe, mchinja nyama ambaye Fan Jin alimwogopa sana: alimchapa kofi moja la uso. Hofu ikaishinda furaha, maji yakauzima moto. Niliposimuliwa kisa hicho niliikumbuka miezi yangu ya mwanzo, nilivyopeperuka na ule ufadhili, na jinsi nilivyoanguka baadaye. Nilikuwa nimeichoma kuni yote kwa usiku mmoja.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe. Kitabu kingine cha kale cha tiba kina kanuni fupi: kitu kikipunguka, mlishe mama yake, kikizidi, mpunguze mtoto wake. Mama wa moto ni mti. Furaha ikififia, basi, usihangaike kupuliza majivu. Nenda kwenye kuni. Mti ni kukua, ni kuwa na mwelekeo, ni mwili unaonyooka asubuhi. Jiulize: ni kitu gani kwangu kinakua siku hizi, hata kama ni kidogo? Mimi wakati ule jibu lilikuwa hakuna kitu. Nilikuwa nimeacha hata kujifunza lugha kwa kuona haya ya matamshi. Nikaanza kuandika herufi kumi za Kichina kila asubuhi kabla ya kushika simu, kisha natembea hadi bustanini. Sikuona tofauti kwa wiki nzima. Wiki ya tatu nikasoma mwenyewe kibandiko cha bei dukani kwa Ayi, naye akanipigia makofi mbele ya wateja. Nilicheka kicheko ambacho video zote zile hazikunipa.

Lakini kuna nyakati ambapo kuni si tatizo. Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, baba yangu alifariki na sikuweza kurudi kumzika. Huzuni ni chuma, na kwa Wachina chuma ni msimu wa majani kupukutika, msimu wa kukata na kuachilia. Ayi hakuniambia nijikaze. Aliniambia nilie mpaka mapafu yachoke, kisha nifungue dirisha na kuvuta hewa polepole. Siku ya tatu alikuja mwenyewe tukapanga chumba, tukaondoa kila kilichokuwa kimelundikana. Kazi hiyo ya mikono ilinisaidia kuliko maneno. Baada ya wiki kadhaa akanichukua jioni mpaka uwanjani, ambapo wanawake wa mtaa hucheza kwa safu, spika moja kubwa, makoti yao mazito ya baridi, hatua zilezile kila siku. Akanisimamisha safu ya nyuma. Kitabu kinasema furaha huishinda huzuni, kama moto na chuma, lakini nilichojifunza pale ni kiasi cha moto. Moto wa taratibu hulainisha chuma. Hakuna aliyenichekesha wala kuniuliza chochote. Nilikuwa tu kati ya watu wenye joto, nikifuata miguu ya aliye mbele yangu.

Hasira nayo ina somo lake, na hili lilinikuta nimesharudi Dar es Salaam. Kazini, nafasi niliyoahidiwa alipewa mtu mwingine. Nilikaa na ghadhabu miezi minne, nikiamka nayo na kulala nayo. Kwa hesabu ya mienendo mitano, hasira ni mti uliozuiwa kukua, na kinachoushinda mti ni chuma, yaani huzuni. Nilipolisoma hilo upya niligundua kwamba sikuwahi kuhuzunika. Nilikuwa nimegombana na kila mtu moyoni mwangu, lakini sikuwa nimekaa chini nikakiri kwamba kitu nilichokipenda kimepotea. Jumapili moja nilikaa nikakiri, nikalia. Kesho yake hasira ilikuwa imepungua kiasi cha kuniwezesha kufikiri, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeomba kazi kwingine. Kama una hasira isiyokwisha, jaribu kutafuta huzuni iliyojificha chini yake.

Hofu sina mengi ya kusema juu yake, ila kwamba usingizi ndio dawa yake ya kwanza. Kitabu kile kinashauri wakati wa baridi mtu alale mapema na asiamke hadi jua litoke, ili maji yatulie.

Utaniuliza: sisi hatuna misimu minne, tutafuataje? Wao wenyewe wamejibu zamani. Wanasema siku moja ina misimu yote: asubuhi ni wakati wa kuchipua, adhuhuri ni wakati wa joto, jioni ni majani kuanguka, usiku ni baridi. Mimi naishi hivyo sasa. Asubuhi ni ya mti: najinyoosha, namwagilia mchicha niliopanda kwenye ndoo tatu pale barazani, naandika mistari michache ya kazi ninayoipenda. Mchana ni wa moto, kwa hiyo sili peke yangu mbele ya kompyuta hata nikiwa na haraka. Natafuta mtu wa kula naye. Jioni ni ya chuma: nasafisha meza, naandika jambo moja lililokwisha leo, nalifunga. Usiku simu inalala sebuleni.

Na udongo? Udongo hauna saa yake peke yake. Huo ndio unaobeba siku nzima. Ni chakula cha moto kinacholiwa kwa wakati, ni watu wanaokujua kwa jina, ni mahali unapojua kwamba ukikosekana utaulizwa. Mtu anayewaza mno karibu kila mara udongo wake umechoka, kama alivyoniambia Ayi, na huwezi kumtoa kwenye mawazo kwa kumpa mawazo zaidi. Mpe bakuli. Mkalishe. Nimelifanya hilo kwa wadogo zangu na kwa wafanyakazi wenzangu, na sijawahi kulijutia.

Niseme jambo moja kwa uzito. Haya si matibabu ya hospitali. Ninayatumia kama kioo cha kujitazama, ili nikiwa sina raha nijue pa kuanzia kutafuta. Huzuni ikikukaa wiki mbili mfululizo, usingizi ukapotea, chakula kikakosa ladha, au ukaanza kufikiri kwamba ni heri usingekuwepo, mwambie mtu leo na uende ukamwone daktari. Uji haukuzuii kwenda.

Ukitaka kuanza kesho, usianze na mambo yote matano. Kabla hujalala, jiulize ni hisia ipi iliyokaa nawe zaidi siku ya leo: hasira, mbio za furaha, mawazo, huzuni au hofu. Itaje kwa jina. Kisha chagua tendo moja dogo la asubuhi, la mikono au la miguu, linalolisha mwenendo unaoituliza hisia hiyo. Fanya hilo moja kwa mwezi.

Ayi bado anaendesha duka lake. Hunitumia ujumbe wa sauti, na unaanza vilevile kila mara: "Chi le ma?" Juzi nilimjibu kwa picha: sahani ya ugali, dagaa wa kukaanga, na mchicha wa ndoo ya pili, uliochumwa asubuhi ileile. Akanijibu kwa sauti kwamba mchicha nimeupika ukapitiliza.