Mamako na amitriptilini: yangu yalikuwa haya

Wauliza kama mamako kachezewa shere. Ana miaka 68, kaandikiwa amitriptilini ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, kidonge cha miligramu 25 usiku, huviweka juu ya friji asisahau, na wewe umesoma kuwa hiyo ni dawa ya zamani iliyopitwa. Mie nimeimeza zaidi ya mwaka, basi nikueleze.

Uzamani ni kweli. Ukoo wa dawa hizo ulianzia Uswisi miaka ya 1950, daktari Roland Kuhn alipowajaribia wagonjwa imipramini, ya kwanza ya ukoo huo, akaona wenye sonona ndio wanaochangamka. Amitriptilini ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fluoksetini, ambayo wengi huanzishiwa siku hizi, iliidhinishwa Marekani 1987. Lakini zile za kale hazikurudishwa nyuma kwa kuwa hazitibu. Zatibu. Tatizo ni maudhi yake, na kwamba mtu akizimeza nyingi kwa mpigo huvuruga moyo hata kuua. Amitriptilini mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mie pia nilianza na fluoksetini. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, nishakunywa kombe, maji ya aya za Kurani, nishasomewa, na usiku bado naingoja adhana ya alfajiri macho makavu. Miezi miwili, huzuni haikusogea. Daktari akabadilisha, lakini kwa hadhari: fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa na huipandisha amitriptilini kwenye damu, kwa hiyo akaanza na 25 tu. Kabla ya hapo nilipimwa moyo, zile nyaya za kifuani. Akaniuliza kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Nikamwambia situmii. Ziara ya pili nikaona haya, nikasema kweli. Akacheka, akasema kutafuna jioni kisha kumeza dawa ya kulaza ni kupiga makasia na nanga iko chini.

Usingizi ulirudi wiki ya kwanza. Huzuni ilichukua zaidi ya mwezi, tena tukiwa tumeshapanda taratibu hadi 100. Hapo naona wengi wanapotea: mtu huachwa na 25 miezi, kisha asema dawa ni maji. Dozi hiyo ndogo husaidia maumivu ya neva na kulala. Kwa sonona kawaida hupandishwa hadi 75 au zaidi, ingawa kwa wazee huenda polepole mno. Muulize daktari ile 25 ya mamako ni mwanzo tu, au ndiyo hiyo hiyo.

Maudhi, sikufichi. Kinywa kilikauka hata ulimi ukanata kwenye kaakaa. Nikawa natembea na ukwaju mfukoni. Choo kigumu, papai kila asubuhi. Kitambi nacho kikaja bila hodi. Ramadhani haikuwa mbaya kwa kuwa dozi ni ya usiku, ila kiu ya alasiri, lahaula! Lililonitisha ni kizunguzungu. Ijumaa moja niliinuka kutoka sijida kwa pupa, msikiti ukazunguka, nikamwangukia mzee wa kando yangu. Kofia yake ikaenda huko, yangu huko. Tangu hapo nainuka mkono gotini, hata imamu akinitangulia.

Kwa mamako hicho ndicho cha kuchunga, maana akianguka usiku akienda msalani nyonga haina mchezo. Akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Na kama ana presha ya macho, mkojo wa shida au maradhi ya moyo, daktari ayajue yote. Akitaka kuacha, asikate ghafla.

Jambo jingine. Kliniki ilikuwa ikinipa vidonge vya wiki mbili tu kila mara, nami nikanung'unika nauli ya matatu kutoka Kisauni. Nilidhani ni ubahili. Mke wangu alielewa mapema: nilikuwa nazungumza maneno ya kufa. Akavifunga sandukuni pamoja na dhahabu zake, ananitolea kimoja kimoja baada ya isha, asimama mpaka nimeze. Ukisikia maneno kama hayo kwa mamako, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Tena umesema wajukuu wanashinda hapo. Vidonge vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo. Viondoe juu ya friji leo.