Kwa aliyeuliza kama Mkristo anaweza kufanya yoga

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyeokoka anaweza kufanya yoga na bado akasali kwa moyo safi. Kwangu mimi inawezekana, ila kwa mipaka, na mipaka hiyo naishika kwelikweli.

Mgongo ndio ulionipeleka huko. Kila nikipiga magoti nilikuwa nawaza maumivu kuliko Mungu. Mazoezi ya kunyoosha viungo yalinipa nafuu, nikaweza kukaa kwenye maombi bila kuhangaika. Mpaka leo nafanya mazoezi kwanza, nikimaliza ndipo nafungua Zaburi.

Tusidanganyane lakini kwamba yoga ni mazoezi ya viungo tu. Katika Sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya msingi ya yoga, mikao ya mwili ni hatua moja kati ya 8, na safari yote inaishia kwenye samadhi, yaani hali ya akili kuzama kabisa katika tafakari. Kwa hiyo sitamki "Om" wala mantra yoyote, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa katika tafakari. Mwalimu akifundisha kwamba mimi na Mungu ni kitu kimoja, nakunja mkeka wangu naondoka. Ninayemwomba ni Baba anayenisikia. Mimi si yeye.

Makanisa yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Sinodi (baraza la maaskofu) ya Kanisa la Orthodoksi la Ugiriki ilitamka mwaka 2020 kwamba yoga haipatani kabisa na imani. Vatikani, katika barua ya 1989 iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, iliruhusu kuchukua lililo jema katika njia za tafakari kama yoga, mradi sala ya Kikristo isipotoshwe. Barua hiyo ilitoa onyo ambalo nalishukuru sana: raha inayoletwa na mazoezi usiihesabu kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Ni kweli tupu. Zipo siku mwili wangu umelegea vizuri, pumzi imetulia, na bado moyo ni mkavu, sina hata neno la toba. Siku hizo utulivu haunisaidii kitu. Inabidi niombe hivyo hivyo, kwa ukavu wangu.

Kama unataka kuunganisha pumzi na sala, wamonaki wa Mashariki wanayo njia yao ya karne nyingi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi," polepole, pamoja na pumzi.

Na ikiwa dhamiri yako inakusuta, soma Warumi 14:23, panaposema kwamba lisilotoka katika imani ni dhambi, kisha uache. Mtaalamu wa viungo anaweza kukufundisha kunyoosha mgongo bila yoga.