Laptopu za Linux kutoka kampuni ndogo: nilicholipia na nilichokikosa

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kutoa hela yote hiyo kuagiza laptopu inayokuja na Linux, ule mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, kutoka Ulaya wakati Kariakoo zimejaa za mtumba. Ninayo moja, mwaka wa nne sasa hapa Dar. Aliniletea dada yangu alipokuja likizo.

Kwanza ujue unalipia nini. Hawa akina System76 wa Denver, Marekani, Tuxedo wa Ujerumani na Slimbook wa Hispania, laptopu zao nyingi hawaziundi wenyewe tangu mwanzo. Wanachukua mashine tupu kwa waundaji kama Clevo wa Taiwan, wanaweka RAM na diski, halafu jasho lao linaenda kwenye draiva (programu zinazounganisha Linux na vifaa vya mashine) na bayosi (programu ya kwanza kuamka ukiwasha mashine). System76 kwa mfano, laptopu zao kadhaa wameondoa bayosi ya kiwandani wakaweka coreboot, bayosi ya chanzo huria. Kazi hiyo ina mishahara, na mashine wanazouza ni chache. Ndiyo maana bei inapanda, wala si kwamba plastiki yake ni bora kuliko ya wengine.

Na kazi hiyo niliiona. Laptopu yangu ya zamani nilikuwa naifunga Posta, napanda mwendokasi, nikifika Kimara begi limepata moto kama hotipoti na chaji imekwisha. Haikuwa inalala, inajifanya tu. Hii mpya naifunga jioni ikiwa na asilimia 80, asubuhi naikuta na 76. Wai-fai, vitufe vya mwanga, projekta, sikugusa kitu.

Mwezi wa kumi na nne bawaba ya kushoto ikakaza. Kila nikiinua kioo inang'oa skrubu kwenye plastiki, mpaka kona ikaachama. Nikawaandikia walioiunda. Wakajibu kesho yake, kwa heshima zote: waranti ipo, itume huku kwetu, usafiri juu yako. Nilipopiga hesabu ya kuituma na kuirudisha, bado sijaongelea forodha, nikafunga barua pepe nikaenda Kariakoo. Fundi akaigeuzageuza. "Bosi, hii bawaba yake sijawahi kuiona." Ingekuwa ThinkPad, zile laptopu za ofisini za Lenovo, ana boksi zima la mizoga chini ya meza. Akatoboa kifuniko, akapitisha bolti na nati. Hadi leo kichwa cha bolti kimechomoza nyuma ya kioo, na watu ofisini wananiuliza kama ni antena.

Mdogo wangu nilimnunulia ThinkPad T480, toleo la 2018, ya mtumba. RAM inabadilishika, betri moja inachomolewa kwa nje, na bayosi inapata masasisho kupitia fwupd, programu ya masasisho iliyomo humo humo ndani ya Linux. Kilichogoma ni kisoma alama za vidole, na yeye hata hakitaki.

Kwa hiyo ningekuwa naishi Munich ningenunua nyingine bila kujiuliza mara mbili. Kwa Dar, kwa bajeti yako, chukua ThinkPad T480 au T14 ya mtumba, chenji itakayobaki nunua diski mpya na betri. Kama moyo umeshaenda kwenye hizo za Ulaya, waandikie kabla hujalipa: bawaba, betri na kibodi wanauza kando? Wakisema ndiyo, ziagize zije kwenye begi lile lile na mashine.