Kabla ya Kumpigia Mheshimiwa Makofi

Nilipokuwa karani katika ofisi ya mwakilishi wadi huku Nakuru, mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa ripoti ambayo mheshimiwa angewasomea wananchi. Ukurasa wa kuleta vigelegele niliujua mapema: basari, yaani msaada wa karo. Ule wa miswada aliyochangia bungeni tulizidi kuupunguza, maana ukifika tu, watu walitoa simu mfukoni. Mwishowe ripoti ikawa orodha ya shule na picha za kukata utepe. Siwalaumu wananchi, karo inauma. Ila mheshimiwa huleta kile mnachokishangilia, na mkishangilia basari pekee, hamtaambiwa alipitisha bajeti ya aina gani.

Kwanza, mwulize kazi iliyo yake. Kwa Katiba ya 2010, bunge la kaunti hutunga sheria za kaunti, huidhinisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Mwakilishi wadi hajengi barabara; anayejenga ni serikali ya kaunti. Dawa za zahanati na madarasa ya chekechea ni mambo ya kaunti, walimu wa sekondari ni wa serikali kuu. Kaunti yetu ina wadi 55, na sidhani kuna hata moja ambako baraza humalizika bila mtu kumfokea mwakilishi wadi kuhusu walimu wa sekondari. Mheshimiwa mjanja hupenda sana swali hilo. Ataahidi kulifuatilia, atapigiwa makofi, muda utakwisha, na la bajeti halitaulizwa na yeyote.

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia liliulizwa na mama mboga. Ripoti ilisema darasa la chekechea limekamilika. Kweli lilikuwa na bati jipya na kuta za rangi ya buluu. Yule mama akasimama, leso kiunoni, akasema, "Mheshimiwa, asante. Sasa watoto wanaingia lini?" Mheshimiwa akanigeukia mimi, nami nikageukia faili. Madawati hayakuwa yamenunuliwa, choo hakijachimbwa, mwalimu hajaajiriwa. Mkandarasi alikuwa amemaliza kazi yake na kwenye karatasi za ofisi hiyo ilitosha kuitwa kukamilika.

Basi kila mradi ukitajwa, uliza uko hatua gani. Fedha zimetengwa tu? Zabuni imetangazwa? Mkandarasi yuko kazini, au wananchi wameshaanza kuutumia? Pesa kutengwa kwenye bajeti si pesa kutoka. Mgao wa serikali kuu kutoka Nairobi ukichelewa, mradi husukumwa hadi mwaka wa fedha unaofuata, na ndiyo maana kalvati moja huweza kusomwa kwenye ripoti mbili mfululizo bila ya mtu kudanganya.

Halafu kuna suala la wakati, na hapa ndipo wengi tunapopigwa chenga. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu hujaa kwenye vikao vya bajeti Mei na Juni wakidai barabara, lakini makadirio yanapaswa kuwa yamefika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao ndio chanzo cha yote, hupelekwa kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Kama unataka murami kwenye njia yenu, mshike mheshimiwa Agosti. Juni unaenda kushuhudia mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Kwa mbunge ni rahisi zaidi kuthibitisha anachosema. Hotuba zake zimo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ambayo iko kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina lake uone alisema nini, au kama alisema chochote. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa ripoti kuhusu hazina ya maendeleo ya kila eneobunge. Lugha yake ni kavu, lakini nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya miradi.

Ukikosa jibu barazani, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa ikupe uamuzi ndani ya siku 21. Taja mradi kwa jina, taja mwaka wa fedha, kisha useme unataka nini hasa: nakala ya mkataba, kiasi kilicholipwa, au tarehe ya kukabidhi. Barua ya "naomba kujua maendeleo ya wadi yetu" nilizipokea nyingi, na zilijibiwa kwa kalenda yenye picha ya mheshimiwa. Beba nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani atakuuliza umetumwa na nani na unataka habari hizo za nini. Mwambie kwa heshima kwamba wewe ni raia, na sheria haikudai sababu.