London Calling ya The Clash: isikilizeni kuanzia kwenye besi

Ndugu yetu ameuliza mambo mawili: vipi London Calling, albamu ya bendi ya Uingereza The Clash, iitwe kilele cha punk (rock ya hasira) wakati wimbo wa tatu ni jazz na wa kumi ni reggae, na kundi lake la muziki, la vijana wa Mji Mkongwe, lianze na wimbo gani humo.

Punk ya 1977 ilikuwa na mwendo mmoja: gitaa limejaa, dramu mbio, dakika mbili na nusu wimbo umekwisha. Kufika 1979 mwendo ule ulishachosha, na The Clash wakaonesha kuwa hasira haina lazima ya kukimbia. Mimi naipenda albamu hii kwa ajili ya watu wawili wa nyuma, Topper Headon wa dramu na Paul Simonon wa besi. Headon aliweza rock, reggae, jazz na soul, tena zote kwa mkono mwepesi. Bila yeye, nusu ya nyimbo hizi zisingewezekana.

Kwa hivyo kabla hamjahukumu, hakikisheni besi mnaisikia. Uzi mnene kabisa wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Kinachobaki ni mkwaruzo wa gitaa na mtu analalamika. Tumieni hedifoni, na mzime ile sehemu ya kuongeza besi, maana inavimbisha kila kitu. Nyimbo ni 19, dakika 65 hivi. Kwa ubora wa 320 kbps faili zote ni kama MB 156, kwa 128 ni kama MB 62. Chukueni kubwa, faili ndogo huanza kuharibu matoazi, na matoazi ya Headon ni hasara kuyakosa.

Msichanganye mpangilio wa nyimbo. Ilitoka Disemba 1979 Uingereza, santuri mbili kwa bei ya moja, pande nne zenye nyimbo 5, 5, 4 na 5. Sikilizeni upande mmoja, pumzikeni, kisha mwingine. Upande wa pili ndio bora kuliko yote: unafunguliwa na Spanish Bombs na kufungwa na The Guns of Brixton. Wa nne ndio dhaifu. Lover's Rock ni ndefu na haifiki popote, mimi ningeitoa. Train in Vain ya mwisho haikuorodheshwa kwenye jalada la mwanzo kwa sababu iliongezwa wakati jalada limeshakuwa tayari, basi msidhani kuna kosa.

Kwa wanaopenda historia: ilirekodiwa Wessex Studios, kaskazini mwa London, studio ileile ambayo Queen walirekodia sehemu ya News of the World mwaka 1977. Yaani Freddie Mercury, mzaliwa wa hapahapa Unguja, aliimba ndani ya kuta zilezile. Prodyuza Guy Stevens alikuwa akirusha viti ili wapigaji wapate moto. Sikilizeni Brand New Cadillac: mwisho inakwenda kasi kuliko mwanzo, na wameiacha vivyo hivyo.

Sasa kundi lenu. Anzeni na The Guns of Brixton, msianze na London Calling. Gitaa humo linapigwa kidogo tu, kazi yote iko kwenye besi, na kosa halina pa kujificha. Anayejua kidumbaki, taarabu ya kuchezwa ya Unguja, anajua sanduku (besi ya kasha na kamba) linavyobeba wachezaji wakati fidla inahangaika juu; besi ya Simonon inafanya kazi hiyo. Mpiga besi na mpiga dramu wakae peke yao kwanza, mwendo wa chini kuliko wa rekodi, mpaka besi iweze kwenda dakika kumi bila kuvutwa mbele. Hapo ndipo gitaa liingie, kwenye pigo la pili na la nne tu. Ukishapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), legeza vidole vya kushoto papo hapo bila kuvitoa kwenye nyuzi, sauti ife. Mpiga gitaa akiiacha kodi ilie, anaifunika besi na reggae imekufa. Gitaa liwe safi, bila mkwaruzo wa amplifaya.

Vyumba vya Mji Mkongwe vina kuta nene za mawe na dari ndefu, mwangwi wake utajaza kila nafasi mliyoiacha. Tandikeni mikeka na mazulia, tundikeni mablanketi. Mablanketi lakini hayazuii besi. Kwa hiyo spika ya besi yenyewe iondoeni kwenye kona, kwa sababu kwenye kona inajirundika na kuvuma.

Nyuzi nazo huliwa na chumvi ya hewa ya bahari. Zipanguseni kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza. Za besi ni ghali, na zikishapoteza mlio zinaweza kuchemshwa kwenye maji dakika 10, zikafufuka kwa muda. Zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, la sivyo zitashika kutu.

London Calling ije baadaye. Kodi zinapigwa kuelekea chini, kavu, kila pigo, na kosa la kawaida ni dramu kuanza kukimbia. Mwendo wake ni wa askari anayetembea. Ile milio ya mwishoni ni SOS, wito wa kuomba msaada, kwa alama za Morse za simu ya upepo ya zamani: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Mkitaka kuiga, shusheni sauti ya pikapu moja ya gitaa (kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi) hadi sifuri, nyingine iacheni juu, acheni noti ilie, kisha swichi muirushe huku na huku. Inahitaji gitaa lenye kitufe cha sauti kwa kila pikapu, kama Les Paul. Telecaster ina kimoja tu kwa zote mbili, haitaweza.